Ndugu wa tumbo moja, mitazamo miwili kwa wahamiaji

SWALI: Wanangu wawili wamelelewa nyumba moja, lakini mmoja huwapokea wahamiaji kwa moyo mkunjufu na mwenzake huwaona kuwa tishio. Tofauti hii inatoka wapi?

JIBU: Mama mpendwa, malezi ni sehemu tu ya jibu. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1992, alibainisha tunu 10 za msingi, yaani mambo ambayo mtu huyathamini maishani; watu wote wanazo, ila kila mmoja huzipa uzito wake. Kijana anayetanguliza usawa na ustawi wa watu wote, hata wasio wa kwao, kwa kawaida huwa na mtazamo mwema kwa wahamiaji. Anayetanguliza usalama, mila na utii huelekea kuwa na wasiwasi, kwa kuwa mgeni humwashiria mabadiliko asiyoweza kuyadhibiti.

Huyo wa pili asiitwe mwenye roho mbaya, maana kupenda usalama si kosa, na ukimkaripia atazidi kushikilia msimamo wake. Msikilize kwanza: anaposema "watatuchukulia kazi", muulize kwa upole ni kazi zipi, na amelisikia wapi jambo hilo.

Zaidi ya hayo, mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba chuki hupungua pale watu wa makundi tofauti wanaposhirikiana wakiwa na hadhi sawa na lengo moja, huku viongozi wao wakiunga mkono, kama vile katika timu ya mpira. Kuishi jirani bila kushirikiana hakutoshi, kwa hiyo mtafutie nafasi ya namna hiyo sasa, wakati tunu zake bado zinajengeka.