Katoka soba, karudia unga: nimfukuze?

Swali: Shikamoo kaka. Mdogo wangu alikaa soba hausi (nyumba ya kuachia unga, yaani heroini) miezi minne, akarudi amenenepa. Wiki ya tatu nimekuta karatasi za kete, zile za kufungia unga, chini ya godoro. Nimfukuze? – Dada, Temeke

Jibu: Marahaba. Usimfukuze, ila pesa taslimu usimpe. Mimi nilivuta miaka tisa, nikaacha na kurudia mara tatu. Kilichonirudisha si arosto (maumivu ya kukosa unga), ilikuwa elfu mbili mfukoni na njia ya kupita kijiweni. Siku hizi nazunguka na njia ya sokoni, mbali kweli. Hamu ikinishika nafua nguo, hata zilizo safi (mke wangu hucheka), na kabla sijamaliza kuanika huwa imeshapoa.

La haraka ni hili: mwili uliopumzika miezi minne hauhimili tena kipimo cha zamani, na wengi hufia hapo. Mwambie wazi, asijifungie chooni. Ukimkuta anakoroma ovyo, haamki, midomo imebadilika rangi, mkimbize hospitali.

Halafu methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto ili mtu aache unga. Muhimbili walianza kuitoa 2011, na hapo kwenu Temeke kuna kliniki. Unainywa kila siku mbele ya muuguzi, bila malipo. Watasema kabadilisha unga kwa unga. Waache. Mimi ndiyo iliyonirudishia usingizi, na nikaacha kuiba masufuria ya mama.

Msindikize wewe mwenyewe, siku ya kwanza mtu hutoroka njiani. Mimi nilishukia kituo cha pili.