Maswali na majibu: seva iliyo ndani ya programu ya Java

Maswali ya safari hii yote yanahusu Spring Boot, kiunzi cha kutengenezea programu za Java, na seva ya wavuti inayobebwa ndani yake, kama vile Tomcat, Jetty au Undertow.

Nimeongeza spring-boot-starter-jetty kwenye pom.xml (faili la Maven linaloorodhesha vitegemezi, yaani maktaba ambazo programu inazihitaji), lakini programu ikiwaka, logi bado inaitaja Tomcat. Nimekosea wapi?

Umeongeza bila kuondoa. Kitegemezi cha spring-boot-starter-web huja na Tomcat, na seva mbili zikikutana, Spring Boot huikagua Tomcat kwanza na kuridhika nayo. Iondoe spring-boot-starter-tomcat kwa kuitaja ndani ya `<exclusion>` ya kitegemezi hicho, kisha endesha `mvn dependency:tree` na usome matokeo mwenyewe, kwa sababu mara nyingi ipo maktaba nyingine, pengine ya wenzako kazini, inayoirudisha bila wewe kujua.

Kati ya Tomcat, Jetty na Undertow, ipi ina kasi zaidi?

Swali hili haliishi kuletwa, na wanaolileta hawasemi programu zao zinachelewa wapi. Baki na Tomcat mpaka uwe na sababu unayoweza kuieleza kwa takwimu zako mwenyewe. Undertow usiianze leo: Spring Boot 4, iliyotoka Novemba 2025, inadai Servlet 6.1 (toleo la kiwango cha Java cha kushughulikia maombi ya wavuti), na kwa sababu hiyo imeiacha Undertow kabisa.

Nimepandisha server.tomcat.threads.max (idadi ya juu ya nyuzi, yaani threads, zinazohudumia maombi) kutoka 200 hadi 2000, na bado maombi yanasubiri.

Yangesubiri hata ungeweka 20000. Usipogusa chochote, HikariCP, maktaba inayotunza miunganisho ya programu na hifadhidata, hufungua miunganisho 10 tu. Kama kila ombi linashikilia muunganisho kwa milisekunde 100, miunganisho hiyo 10 itahudumia maombi 100 kwa sekunde na si zaidi; nyuzi zako nyingine zitapanga foleni zikila kumbukumbu, na uzi utakaosubiri sekunde 30 bila kupata muunganisho utarudishiwa hitilafu. Tazama kipimo cha `hikaricp.connections.pending` kwenye Actuator, sehemu ya Spring Boot inayoonyesha vipimo vya programu. Kikikaa juu ya sifuri kwa muda mrefu, acha seva, nenda kwenye hoja za SQL zinazochelewa na majedwali yasiyo na faharasa (index).

Ukitumia JPA (njia ya Java ya kusoma na kuandika hifadhidata kupitia vitu vya programu), chunguza pia `spring.jpa.open-in-view`, ambayo huwa imewashwa tangu mwanzo: muunganisho uliokwisha kuchukuliwa unaweza kushikiliwa hadi ombi liishe, hata pale ambapo msimbo wako unasubiri jibu kutoka huduma ya nje isiyohusiana na hifadhidata. Nashauri izimwe siku ya kwanza ya mradi, maana kuizima baadaye huibua makosa mengi ya data iliyokuwa ikisomwa pale tu inapohitajika (lazy loading). Wala msikimbilie nyuzi pepe (virtual threads) za Java 21 kama dawa ya tatizo hili, kwa sababu kuwasha `spring.threads.virtual.enabled` kunaondoa kikomo cha nyuzi 200 na kuyasukuma maombi maelfu kwenye miunganisho ileile 10.

Wanaonakili usanidi kutoka mafunzo ya zamani wajue kwamba `server.tomcat.max-threads` ilibadilishwa jina kuwa `server.tomcat.threads.max` kuanzia toleo la 2.3 la Spring Boot. Jina lisilotambulika huachwa kimyakimya, nawe ukaamini umesanidi.

Programu inakataa kuwaka, inasema poti 8080 inatumika.

Ujumbe wenyewe umekupa jibu: izime programu iliyoishika, au badilisha `server.port`. Ila usiiendeshe kwa akaunti ya root (msimamizi mkuu wa mashine) ili tu upate poti 80. Weka mbele yake Nginx, seva inayopokea maombi na kuyapitisha kwa programu, na usisahau `server.forward-headers-strategy`, inayoiambia programu ombi liliingia kwa anwani gani, la sivyo viungo vyako vitatoka na http badala ya https.

Tukitoa toleo jipya, maombi yaliyokuwa yakiendelea hukatika, ingawa tumeweka server.shutdown=graceful (programu imalize maombi kabla ya kuzima).

Usanidi huo ni sahihi, na kuanzia toleo la 3.4 la Spring Boot ndio wa kawaida. Kasoro huenda iko kwenye kontena, yaani kifurushi ambamo Docker huiendesha programu. Spring Boot hungoja hadi sekunde 30, lakini Docker hungoja 10 tu kabla ya kuiua programu kwa nguvu, kwa hiyo tumia `docker stop -t 40`. Kagua pia ENTRYPOINT, amri ya kuwasha programu iliyo kwenye Dockerfile: ikiandikwa kama sentensi ya kawaida badala ya orodha yenye mabano ya mraba, ishara ya kuzima inaweza kuishia kwenye sh (programu ya kuendesha amri) isiifikie Java kamwe.