Skrini ya inchi 24 au 27 kwa kompyuta ya nyumbani?
Waalaikum salaam ndugu yangu wa Wete. Kwa watoto kusomea na wewe kupiga hesabu za duka, kama ulivyosema, chukua 24 yenye pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080. Pikseli hizo hizo ukizitandaza kwenye inchi 27, kingo za herufi huonekana chengachenga ukikaa karibu. 27 inataka 2560 kwa 1440, na bei hupanda. Paneli, yaani kioo chenyewe, iwe ya aina ya IPS, ili anayetazama kwa ubavuni asione rangi zimegeuka. Kwa kompyuta yenyewe, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16 na SSD (diski ya kuhifadhi mafaili) GB 512, inatosha kabisa. Kadi ya grafiki, ile ya michezo na video nzito, kwa kazi hizi huihitaji; pesa yake nunulia UPS, betri ya akiba ya kompyuta: umeme ukikatika ghafla, hesabu ambayo hujaihifadhi imekwenda. Na tafadhali, usiiweke kompyuta dirishani panapoingia upepo wa bahari, chumvi inakula soketi.