Kwa nini tafiti kuhusu simu na uvimbe wa ubongo zinaonekana kupingana

Ndugu uliyeuliza kwa nini utafiti mmoja unasema mionzi ya simu ya mkononi huleta uvimbe wa ubongo na mwingine unakanusha, swali hilo lilinisumbua mimi pia, tena si kwa udadisi tu. Shemeji yangu aligunduliwa kuwa na uvimbe upande wa kulia wa ubongo, na kila aliyekuja kumjulia hali alikumbuka kwamba simu aliiweka sikio la kulia. Jamaa nzima tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu kabla hata ya daktari kusema neno.

Nilipoacha vichwa vya habari na kusoma tafiti zenyewe, nilianza na Interphone, iliyofanyika katika nchi 13 na matokeo yake makuu kuchapishwa mwaka 2010. Wagonjwa na watu wasio wagonjwa waliulizwa walivyotumia simu miaka ya nyuma. Kwa jumla hatari haikuonekana kuongezeka, ila katika kundi la waliosema wamezungumza kwa saa 1,640 au zaidi, uwezekano wa kupata glioma, aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo, ulionekana kuwa juu kwa takriban 40%. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa walidai kuzungumza zaidi ya saa 12 kwa siku, jambo ambalo ni vigumu kulisadiki.

Hapo nikajijaribu mwenyewe. Niliandika kwenye karatasi ni dakika ngapi nilidhani nimezungumza mwezi uliopita, kisha nikalinganisha na orodha iliyomo ndani ya simu: nilikuwa nimezidisha karibu mara mbili, na huo ni mwezi mmoja tu! Mtu aliyekwisha kuambiwa ana uvimbe, anayetafuta usiku na mchana sababu ya ugonjwa wake, atakumbuka vipi miaka 10 bila kuongeza chochote? Nilimfikiria shemeji na lile sikio lake la kulia, nikaona aibu kidogo.

Kwa hiyo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoyaweka mawimbi ya simu, yaani hiyo mionzi yake, katika kundi la 2B mwaka 2011, yaani kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lilikuwa likisema kwamba ushahidi uliopo ni mchache na shaka haijaondoka. Wengi walilisoma tangazo hilo kana kwamba hatia imethibitishwa.

Tafiti ninazoziamini zaidi ni zile zinazoanza na watu wazima wa afya na kuwafuatilia. COSMOS, uliochapisha matokeo yake kuhusu uvimbe wa ubongo mwaka 2024, uliwafuatilia watu zaidi ya 250,000 katika nchi tano za Ulaya na haukuona kwamba waliozungumza sana kwa simu walipata uvimbe huo zaidi ya wengine. Udhaifu wake ni kwamba muda wa ufuatiliaji ulikuwa miaka 7 hivi, na baadhi ya vivimbe hukua polepole kuliko hapo.

Utaletewa pia habari ya panya wa Marekani. Ni kweli kwamba ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha uvimbe wa moyo kwa panya dume, lakini mwili wao wote ulipigwa mawimbi saa 9 kwa siku kwa miaka 2, na la ajabu ni kwamba waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi kama ifanyavyo eksirei; athari yake iliyothibitishwa ni kuongeza joto kidogo mwilini.

Mimi bado hutumia spika ninapozungumza kwa muda mrefu, hasa mtandao ukiwa dhaifu, kwa kuwa hapo ndipo simu huongeza nguvu ili iufikie mnara, na kuisogeza mbali na kichwa hupunguza mawimbi kwa kiasi kikubwa. Shemeji, aliyefanyiwa upasuaji na kupata nafuu, amehamia sikio la kushoto, nami sijamkataza.