Misemo ya Kiingereza yenye "head": mmoja ulinitia hasara

Mdogo wangu uliyeuliza, umesema umeanza kazi mapokezi katika hoteli moja ya Nyali, Mombasa, wageni na meneja wanakuchanganya kwa misemo yao ya "head", na unaomba orodha uikariri. Orodha sikupi. Nitakueleza yaliyonikuta.

Nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Siku moja nilimpigia simu mkubwa wangu kumuuliza thamani ya bidhaa za kontena fulani. Akanitajia, lakini akatanguliza "off the top of my head". Mimi nimesoma chuo cha Kurani Mji wa Kale, na chuoni mtu akiwa na sura kichwani maana yake ameihifadhi, hakosi hata herufi. Nikaelewa kwamba thamani ile anaijua barabara, nikaijaza kwenye fomu ya forodha. Kumbe asemaye hivyo anakuonya: hii ndiyo iliyonijia kwanza, sijatazama karatasi, usiishike. Ankara ilikuwa na thamani nyingine kabisa. Fomu ikabidi irekebishwe, kontena likalala bandarini siku nne zaidi, na sehemu ya gharama ikakatwa kwenye mshahara wangu. Iliniuma sana, kwa sababu hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Neno letu lililo karibu na msemo ule ni "juujuu", wala si "kichwani".

Kwa hivyo mgeni akikwambia "off the top of my head" ndege yake yaondoka saa nne, muombe tiketi uione kabla hujamuitia teksi.

"Heads up" ni taarifa ya mapema. Asili yake ni ukelele wa kuwaambia watu wainue vichwa watazame, kuna kitu chaja. Umepata kupita vichochoro vya Mji wa Kale ukasikia hamali nyuma yako na mkokoteni, "Simila! Simila!"? Basi ndiyo hiyo. Meneja akikuandikia "heads up" kuhusu kundi la wageni wa kesho, hajakulaumu. Anakupa nafasi ujitayarishe.

Huu wa "over my head" uangalie vizuri, kwa kuwa una sura mbili. Mgeni akisema maelezo yako "went over my head", hakuelewa, mrudilie polepole. Lakini mfanyakazi mwenzako akilalamika kwamba "you went over my head", anasema umemruka ukaenda kwa mkubwa wake. Hapo pana ugomvi, na ukijibu kana kwamba hakuelewa jambo utazidi kumuudhi.

Wa kutoweza kupata "head or tail" ya jambo hautakusumbua, sisi pia twasema halina kichwa wala miguu.

Wa maji ndio unaofanana na wetu halafu ukageuka. Sisi mtu akisema maji yamemfika shingoni, anaomba aokolewe. Mwingereza akisema "I'm keeping my head above water", taabu anayo, madeni pengine anayo, lakini anakwambia bado anajimudu. Mpe pole, usimkimbilie kama anayezama.

Na "head over heels" usiuchambue neno kwa neno, utachoka bure. Kila aliyesimama kichwa chake kiko juu ya visigino! Karne ya 14 Waingereza walisema kinyume chake, visigino juu ya kichwa, yaani kupinduka. Kufikia karne ya 18 maneno yakawa yamebadilishana nafasi na yakabaki hivyo. Siku hizi hutumika zaidi kwa mapenzi. Maharusi wa fungate watakwambia hivyo hapo kaunta, nawe utafahamu papo hapo: wamekufa, wameoza.

Ukisikia mwingine, uandike hapa pamoja na nani alimwambia nani na walikuwa wakifanya nini. Msemo mtupu bila hayo hata mimi naweza kukupoteza.