Kijana wa Mbale, usiniulize gramu

Jumanne usiku nikiwa mezani, ujumbe uliingia kwenye simu: "Madamu, habari za Kampala. Nimepata kazi ya kadi 200 za kwanjula. Niweke karatasi ya gramu ngapi?" Kwanjula ni ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa msichana. Basi. Hakusema kama kadi inakunjwa au ni bapa, itachapwa kwa mashine gani, wala kama wenye sherehe wataandika majina ya wageni kwa kalamu. Gramu ngapi tu, kama mtu aliyetumwa sukari.

Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja, nikafuta. Nikaandika mitatu, nikafuta tena. Chakula kikapoa. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, nikajibiwa "mia tatu", nikaridhika, na hasara iliyofuata bado naikumbuka kila nikiona rangi ya damu ya mzee.

Kwa mliofika leo: mimi ni mtoto wa polisi, nimekulia kambi ya Nsambya, ambako Kiswahili ndicho tulichogombania mpira na ndicho mama alichotutukania. Ofisi yangu ya uchapaji iko Nasser Road, barabara ya wachapaji wa Kampala, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, mwaka wa 14 sasa. Najua sifa ya barabara yetu. Mgeni akisikia Nasser Road anacheka na kuuliza bei ya shahada ya Makerere. Sikatai kwamba waghushi wapo. Lakini ni barabara hiyohiyo utakapomkuta mzee anayesikiliza mashine ya kuchapa ya Heidelberg ikizunguka, anakwambia roli ipi imekauka kabla hajaigusa. Hao ndio walionifundisha, na hakuna anayewaandika.

Turudi kwenye hasara yangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kujitegemea. Nilipewa kadi 250 za kwanjula na familia moja ya Masaka, watu wa heshima, wenye ssenga mmoja, yaani shangazi wa bibi harusi, anayeongea polepole kama hakimu. Walitaka kadi ya kukunja, nje rangi ya damu ya mzee pande zote, maandishi ya dhahabu. Dizaini niliifanya siku tatu. Nilijivunia ule mchoro wa kikapu kwenye jalada mpaka nikauweka kwenye simu uwe picha yangu. Karatasi niliipa dakika tano.

Hizo dakika tano zilikwenda hivi. Jirani alikuwa na mabaki ya ati pepa, ile karatasi laini iliyopakwa, ya gramu 300, yaliyokatwa kutoka kazi ya kalenda, anayauza karibu nusu ya bei ya dukani. Gramu 300? Ndiyo. Nikalipa. Sikuuliza yamekatwa upande gani wa shiti kubwa, kwa sababu sikujua kwamba hilo ni swali. Tukachapa kwa mashine ya dijitali, zikatoka zinang'aa, nikampigia ssenga nikamwambia aje asubuhi. Usiku ule mimi na mdogo wangu tukazikunja zote kwa mkono, rula na ukucha, bila kupiga krizi, yaani mfereji wa kukunjia unaobanwa kwa mashine, maana krizi ingetaka pesa nyingine.

Kufika saa tano usiku nikaona kwenye mkunjo wa kadi moja kuna mstari mweupe. Nikadhani ni vumbi, nikafuta kwa kitambaa. Halikuwa vumbi. Nikachukua nyingine, na nyingine. Zote 250 zilikuwa zimepasuka mgongoni kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu.

Ssenga alikuja saa tatu asubuhi. Alichukua moja, akaifungua, akaifunga, akaipitisha kidole kwenye mkunjo, akasema: "Nnyabo, kadi zimechanika kabla ya ndoa." Hakuongeza neno. Aliiweka mezani kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenirushia. Nilizichapa upya kwa pesa yangu, yaani pesa ya kodi ya chumba, na mwenye nyumba naye akaja na maneno yake. Hayo nayaruka.

Aliyenifungua macho ni mzee wa mashine ya pili kutoka kwangu, fundi aliyeanza kazi enzi za kupanga herufi za risasi moja moja. Nilikwenda kumlalamikia kuhusu karatasi mbovu. Alichukua kadi moja iliyoharibika, akakata kipande cha mraba upande usio na mpako mzito, akalamba kidole, akalowesha uso mmoja. Kipande kikaanza kujikunja chenyewe polepole kama jani la mgomba juani, kikawa bomba. Akasema, "Bomba limelala huku. Nyuzi zimelala huku. Wewe umekunja huku." Akanionyesha upande wa pili.

Hiyo ndiyo greini, upande zilikolala nyuzi, na ndiyo jambo moja ninalotaka kijana wa Mbale alishike kabla ya gramu. Karatasi ni nyuzi za mti zilizopikwa zikawa uji, uji ukamwagwa kwenye wavu unaokwenda mbio, na kwa sababu ya mbio zile nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unaingia laini, kwa sababu unapita kati ya nyuzi. Ukikunja kuzikata, unazivunja. Juu ya ati pepa kuna mpako wa chokaa au udongo mweupe, nao hupasuka. Na mashine ya dijitali inatumia wino wa unga unaoyeyushwa kwa moto na kukaa juu ya karatasi kama ngozi ya maziwa, nao hupasuka vilevile. Mimi nilifanya makosa yote kwa pamoja: nyuzi upande mbaya, mpako, wino wa unga, rangi nzito kwenye mkunjo, hakuna krizi. Kadi nyeupe ingenificha. Damu ya mzee haifichi mtu.

Huna haja ya kulamba, kama unaona kinyaa. Chana karatasi: kufuata nyuzi inachanika mstari ulionyooka, kuzikata inakwenda kombo kama barabara ya kijijini. Au ishike ncha mbili uikunje bila kuivunja, kisha igeuze ufanye hivyo tena. Mkunjo unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Sekunde kumi. Mimi sasa sinunui karatasi bila kuomba shiti moja ya kuharibu, na muuzaji akikataa naondoka.

Halafu krizi. Pale kwetu wapo wenye ile Heidelberg nyeusi ya zamani, yenye mikono miwili inayozunguka na kunyakua karatasi. Wengi wanadhani imebaki ya kupiga namba za risiti. Mpelekee kadi zako: bamba lenye ukingo butu linaibana karatasi na kuacha mfereji mwembamba, na ukikunja hapo nyuzi zimeshaandaliwa. Kuanzia gramu 200 kwenda juu mimi sikunji kitu bila mfereji. Hata kama mteja ana haraka. Hata kama ni shemeji yako.

Sasa hizo gramu, kwa sababu najua bado unazitaka. Gramu ni uzito wa karatasi ya mita moja ya mraba, si unene wala ugumu. Ati pepa ya 300 imeshindiliwa na kupakwa udongo, kwa hiyo ni nzito lakini nyembamba. Ivori, ile karatasi ngumu ya kadi, ya 300 ina hewa ndani, ni nene na ngumu zaidi mkononi. Mteja akisema "nataka kadi nzito", mara nyingi anataka ngumu. Mpe zote mbili azishike, usimtajie namba.

Namba ina kazi moja tamu, ya kukamata wezi. A0 ni mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu moja ya 16 yake. Kwa hiyo A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Ukiuziwa rimu "ya 80", ipeleke kwa mama wa duka la jirani, iweke kwenye mizani ya mchele. Ikisoma kilo 2 na gramu 200 hivi, umeuziwa 70. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilirudishiwa tofauti bila mabishano, maana mizani haina undugu.

Na kalamu? Kadi zetu huandikwa jina la mgeni kwa mkono. Kila mwezi naona kadi nzuri imepigwa laminesheni, ule utando wa plastiki, ya kung'aa ndani na nje, halafu kamati ya harusi inahangaika na biro inayoteleza, wino unapakazika, mgeni anapokea jina lake limefanana na alama ya kidole. Ndani acha karatasi wazi. Kadi za ahadi zile za mikutano ya michango ni bora zaidi ziwe manila ya kawaida, watu waandike pesa zao wakiwa bado na hamasa.

Vitabu nitavigusa tu, kwa kuwa kijana hakuuliza. Nyuzi lazima zilale sambamba na mgongo wa kitabu. Tuliwahi kuchapa jarida la shule moja nyuzi zikiwa zimelala kukata mgongo, tukalifunga kwa gundi ya moto, na msimu wa mvua ukafika. Karatasi ikinyonya unyevu hutanuka zaidi upande wa kukata nyuzi kuliko wa kuzifuata. Gundi ilishika, karatasi ilitaka kukua, kurasa zikajaa mawimbi kama Nalubaale, Ziwa Victoria letu, siku ya upepo. Jarida likawa halifunguki mezani mpaka uliwekee kikombe. Mvua za Machi mpaka Mei hizo, rimu zisifunguliwe kabla ya siku ya kuchapa.

Niseme na hili, wakubwa mtanisamehe. Vijana wengi wanaokuja kuomba kazi kwangu wanajua programu za dizaini kuliko mimi. Wanaweza kukutengenezea herufi yenye kivuli cha kivuli. Ukiwapa karatasi mbili gizani wazitofautishe kwa vidole, wanakutazama kama umewaambia wanuse sauti. Alexander Mackay, yule mmisionari Mskochi aliyefika Buganda mwaka 1878, alichonga herufi za mbao kwa mkono wake ili watu wapate kitu cha kusoma. Kwa mkono! Wewe una umeme, ukiwepo, na huwezi hata kukunja shiti moja kabla ya kumpa mteja bei?

Na wale mnaosema "mteja haoni tofauti": anaona. Hana jina lake tu. Mteja hatakwambia "umekosea greini", atakwambia "sijui, haijakaa vizuri", kisha mwakani ataenda kwa mwingine.

Nimesogea mbali na Mbale. Nisogee tena kidogo, kwa sababu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Mwaka juzi bwana mmoja alitaka kitabu cha wageni kwa msiba wa baba yake, jalada liwe la lubugo. Lubugo si karatasi, ni ganda la ndani la mti wa mutuba, linabanduliwa msimu wa mvua, linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka linakuwa nguo, na mti unafungwa majani ya mgomba uote ganda jingine. UNESCO waliutangaza ufundi huu kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Mimi nilikuwa nimeujua kama kitu cha maziko na watalii tu. Jalada la kwanza nililiharibu: gundi ya maji ilipenya, ikatokea juu madoa meusi. La pili nililibandikia kwanza karatasi nyembamba nyuma, gundi nyeupe kidogo sana, nikalilaza chini ya matofali usiku mzima. Nilipolifunua asubuhi nilikaa nalo mapajani kama mtoto. Kila kipande cha lubugo kina rangi yake na kovu lake pale tawi lilipokuwa. Huwezi kuagiza viwili vinavyofanana, na mteja alipoona kovu likiwa katikati ya jalada alisema liachwe hapo.

Ssenga wa Masaka naye alirudi, mwezi uliopita, safari hii kwa binti mwingine. Sijui kama alinikumbuka. Nilimpa sampuli: ivori, nyuzi sambamba na mkunjo, krizi, rangi ileile ya damu ya mzee, kwa makusudi. Akafungua, akafunga, akapitisha kidole mgongoni. Akauliza zitakuwa tayari lini.

Hayo yote nilimwandikia kijana kwa ufupi, nikamwambia alete jibu la mate kwanza, gramu baadaye. Saa nne usiku akanitumia picha: kisahani cha chai, ndani yake kipande cha karatasi kilicholowa chote, pande zote mbili, kimelala bapa kama chapati. "Madamu, yangu haijikunji."

Nimemwambia akate kingine, aloweshe uso mmoja tu, na apige picha kutoka ubavuni.