Jibu kwa aliyeuliza kuhusu mashine ya kuchimba Bitcoin na picha za NFT

Asalaam aleikum. Mdogo wangu wa Chake Chake, umeuliza kama ni kweli sarafu za mtandao kama Bitcoin na picha za NFT (picha zinazouzwa mtandaoni na hati ya kidijitali ya umiliki) zinaharibu mazingira, na kama ununue mashine ya kuchimba, yaani ya kutafutia sarafu hizo, uiweke nyumbani. Mimi ni fundi umeme hapa Unguja na mashine hizo nishamfungia mteja.

Mashine moja ya kuchimba Bitcoin, Antminer S19, inakula wati 3,250, usiku na mchana. Piga hesabu: uniti 78 kwa siku. Ninao wateja wa taa, feni na TV ambao Tukuza yao (umeme wa kulipia kabla) haifiki hapo mwezi mzima. Na umeme wote ule hugeuka joto. Kile chumba kilichemka mpaka tukaongeza feni, umeme juu ya umeme.

Kisa chake ni hiki: mashine za dunia nzima zinashindana kubahatisha namba, na anayepata sarafu mpya ni mmoja tu, takriban kila dakika 10. Mashine zikizidi, mtandao unaongeza ugumu, kwa hiyo sarafu hazitoki kwa kasi zaidi. Umeme wa walioshindwa umeshateketea, na kiasi chake si kidogo kimetokana na gesi na makaa ya mawe. Hili linaniuma khasa.

Picha za NFT ni habari nyingine. Ziko nyingi kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu, nao uliacha mashindano hayo Septemba 2022. Matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Ukiwa mchoraji, uza huko bila wasiwasi huo.

Lakini kuchimba hapa kwetu, hapana. Umeme wetu unapita chini ya bahari: Unguja unaingilia Fumba, nyinyi Pemba mnaletewa kutoka Tanga tangu 2010. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani umeme huo ulipokatika kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua maana yake. Pampu za visima zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Waya kama huo ni wa hospitali na maji kwanza.

Tena mashine yenyewe haijui kazi nyingine. Ikipitwa na mpya huwezi hata kuipeleka skuli ikawa kompyuta. Ni taka tu, na kisiwa hakina pa kuzitupa.

Kama ushalipa, usiichomeke kabla hujaniandikia ukubwa wa waya wa nyumba yako. Mzigo ule unapita ampea 14, na plagi ya kawaida ni ya ampea 13.